Hadithi Isiyobisha Hodi: Mianzo ya Filamu za Mapigano na Sarufi ya Usimulizi wa Kiswahili

Mwaka 1962 vilitokea vitu vitatu ambavyo si desturi kuviweka pamoja. Howard Hawks, mwongozaji wa Kimarekani, alitoa filamu iliyopigwa Tanganyika na kuipa jina la Kiswahili, *Hatari!* Huko Uingereza ikatoka *Dr. No*, filamu ya kwanza katika mfululizo wa jasusi James Bond. Na nchini Kanada, Marshall McLuhan akachapisha *The Gutenberg Galaxy*, kitabu ambacho ndani yake mna kisa kilichokuja kunukuliwa mno kuhusu Waafrika na sinema. Filamu hizo mbili zinahusu namna ya kuanza hadithi kwa kishindo. Kitabu kile kinahusu watu waliodaiwa kutoweza kuifuata hadithi ikianza hivyo.

Kisa chenyewe McLuhan alikipata kwa John Wilson wa London. Mkaguzi wa afya alipiga filamu ya polepole kuhusu usafi wa makazi: jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama, kuokota makopo, na kadhalika. Ikaonyeshwa kwa wanakijiji takribani thelathini. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu hawakujua kama mna kuku. Ikabidi waikague picha moja baada ya nyingine, wakamkuta kweli, amepita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Kutokana na kisa hicho ikahitimishwa kwamba asiyejua kusoma haioni picha nzima, bali huokota vipande.

Hitimisho hilo lilikuwa na ukoo mrefu. William Sellers, ofisa wa afya aliyeanza kutumia sinema nchini Nigeria, na ambaye baadaye aliongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, alifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika atengenezewe filamu za aina yake: mwendo wa taratibu, picha za kukaa muda mrefu, pasiwe na mruko wa ghafla kutoka mahali hadi mahali, wala ujanja wowote wa kamera. Kabla yake, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na jaribio la filamu za elimu kwa Wabantu lililoendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Hapo zilitengenezwa filamu takribani 35, na maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yakarekodiwa kwenye sahani za santuri ili yaende sambamba na picha. Watengenezaji wa Vugiri hawakuwa na ukali wa Sellers, ila nao waliamini kwamba mtazamaji huyu lazima atayarishwe kwanza, aelezwe mahali, aelezwe mtu, ndipo aonyeshwe tendo. Hadithi iliyoruka utangulizi ingempoteza.

Yafaa dai hilo lipimwe kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni historia ya mianzo ya filamu zenyewe. Cha pili ni lugha, yaani jinsi Kiswahili kinavyofungua hadithi, na kama kweli mzungumzaji wake hukwama pale mlango unapovunjwa badala ya kubishwa hodi.

Ngano ya Kiswahili hufunguliwa kwa fomula. Fanani hutamka "Paukwa", hadhira huitika "Pakawa", ama "Hadithi, hadithi!" na jibu lake "Hadithi njoo". Baada ya hapo huja kitenzi cha kuweka jambo mahali pake: "Palikuwa na mtu", au kwa ngano za zamani, kama zile alizokusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, "Aliondokea mtu". Wanafunzi wengi hupita juu ya kiambishi *pa-* cha "palikuwa" bila kukijali, kumbe ndicho kinachotenda kazi kubwa. Ni kiambishi cha mahali mahususi. Kabla hajatajwa sultani wala mvuvi, sarufi imeshatandika mkeka na kuonyesha pa kukaa. Hata "hapo zamani" ni hivyo hivyo: wakati umeazima kiashiria cha mahali, kana kwamba zamani ni kiambaza ambacho mtu angeweza kukigusa.

Kisha huja mgawanyo wa kazi baina ya *-li-* na *-ka-*. Tuchukue mfano mwepesi: "Palikuwa na mvuvi mmoja. Akaondoka, akashuka pwani, akaona jahazi halina watu." Kiambishi *-li-* hutia nanga mara moja tu, na vitenzi vyote vya *-ka-* hufuata kamba ya nanga hiyo. *-Ka-* peke yake haisemi ni lini. Husema tu kwamba tendo hili limefuata lile. Ndiyo maana mtu akiingia barazani na kuanza na "Akaona jahazi halina watu", waliokaa hugeuza shingo na kuuliza: nani? Lini? Umeanzia wapi?

Swali hilo la "umeanzia wapi" ndilo sanaa nzima ya mwanzo wa filamu ya mapigano. Mtengenezaji huanza na *-ka-* makusudi, akiificha *-li-*, ili mtazamaji aitafute.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Filamu fupi ya Edwin Porter, *The Great Train Robbery* ya mwaka 1903, ina picha moja maarufu ya jambazi aliyekaribishwa mbele ya kamera, akielekeza bastola kwa watazamaji na kufyatua. Picha hiyo haimo katika mfuatano wa matukio ya wizi. Orodha ya mauzo ya kampuni ya Edison iliwaambia wenye kumbi kwamba wanaweza kuiweka mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Jambo hilo linastaajabisha kwa yeyote anayefikiri mwanzo ni sehemu ya hadithi: hapa mwanzo ni kitu cha kuchomeka, mfano wa mbiu inayopigwa ili watu wanyamaze. Kwa kweli iko karibu zaidi na "Paukwa" kuliko na "Palikuwa".

Filamu za mfululizo wa kila juma zilileta shida nyingine. Sehemu ya mwisho wa juma lililopita iliachwa mtu akining'inia ukingoni, na aliyekuja juma hili huenda hakuwepo. Ikabidi kuwepo na maandishi ya kukumbusha. Katika *Flash Gordon Conquers the Universe* ya mwaka 1940, maandishi hayo yalipanda kwenye kiwambo yakiwa yamelala kuelekea mbali. George Lucas aliyakumbuka alipotengeneza *Star Wars* mwaka 1977, na akayatumia kwa werevu: yanasimulia mambo ya juma lililopita, ilhali hapakuwa na juma lililopita. Mtazamaji anapewa *-li-* ya bandia, na papo hapo merikebu kubwa ya angani inapita juu ya kichwa chake ikikimbiza nyingine. Lucas alikataa pia kuweka majina ya watendaji mwanzoni. Alipofanya hivyo tena katika filamu ya pili, mwaka 1980, chama cha waongozaji wa Marekani kilimtoza faini, naye akajitoa chamani. Majina ya mwanzo si urembo tu. Ni mkataba, na kila nusu dakika ya mwanzo wa filamu imewahi kugombaniwa na mtu.

Hapo ndipo *Hatari!* inapostahili kuangaliwa kwa makini, ingawa wahakiki wengi huitaja kwa ajili ya muziki wa Henry Mancini na mandhari ya Arusha. Filamu hii ilipigwa kabla ya uhuru wa Desemba 1961 na kutolewa baada yake. Inahusu kikosi cha watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Haianzi na majina. Inaanza na watu waliotulia wakichungulia kwa darubini, magari mawili, sauti ya redio ya mawasiliano, kisha kifaru. Magari yanaondoka kwa kasi, vumbi linatimka, hakuna aliyetambulishwa kwetu kwa jina wala kazi yake. Kifaru anageuka na kumjeruhi mguuni mmoja wa waliomo garini, mtu anayeitwa "Mhindi Mwekundu" na wenzake. Mawindo yanaachwa, mbio sasa ni za kumwahisha majeruhi. Majina yanakuja baada ya hapo.

Katika dakika hizo chache mtazamaji amejifunza kazi, hatari ya kazi, na nani anatoa amri, pasipo sentensi hata moja ya maelezo. Zaidi ya hayo amekabidhiwa deni. Kifaru hajakamatwa, na kikosi kitamkwepa mnyama huyo kama mkosi mpaka karibu na mwisho wa filamu, ndipo deni lilipwe. Mwanzo wa namna hii hautangulizi hadithi. Unaikopea.

Jina nalo linafaa kutazamwa kisarufi. "Hatari" katika kamusi ni nomino iliyotoka Kiarabuni. Lakini likiwa na alama ya mshangao, kama linavyoandikwa chini ya fuvu la kichwa kwenye nguzo za umeme, huwa tungo kamili isiyo na kiima, kiarifu, njeo wala mtendaji. Ni tungo inayoanzia katikati. Haieleweki kama Hawks alilijua hilo au alipenda mlio wa neno tu, lakini jina na mwanzo wa filamu vinakubaliana kuliko kawaida. Yapo majina mabaya zaidi: John Ford alitoa *Mogambo* mwaka 1953, ikapigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na neno hilo likatangazwa kuwa la huku Afrika lenye maana ya mahaba makali. Mswahili akilitafuta katika kamusi ataishia kwenye "mgambo", na askari mgambo hawana sifa ya mahaba.

Tatizo la *Hatari!* ni jingine. Kiswahili kimepewa jina la filamu, lakini ndani yake wasemaji wa lugha hiyo ni wapagazi, wapishi na wasaidizi, na maneno yao hayabebi hadithi. *King Solomon's Mines* ya mwaka 1950, iliyofunguliwa kwa mawindo ya tembo na ambayo haikutungiwa muziki wa okestra bali ilitegemea ngoma na sauti za Afrika, ilikuwa imeshafanya vivyo hivyo: lugha za wenyeji zimo kwa wingi, nazo zimewekwa pale palipo na milio ya ndege. Kwa miaka mingi hadithi za kusisimua za ulimwengu zilikuwa na Kiswahili mwanzoni kama sauti ya mahali. Kilikuwa *pa-* isiyo na *-likuwa*.

James Bond aliuchukua mwanzo wa ghafla na kuufanya ada. *Dr. No* bado haina tukio kabla ya majina. Ina ule mtutu tu, mzunguko mweupe uliobuniwa na Maurice Binder, ambamo mtu anatembea, anageuka, anafyatua, na damu inashuka. Anayetembea humo, kwa filamu tatu za kwanza, hata si Sean Connery, bali mtaalamu wa sarakasi za hatari Bob Simmons. Mwaka 1963, katika *From Russia with Love*, likaongezwa tukio: Bond ananyongwa bustanini usiku. Kisha uso wa maiti unabanduliwa na kuonekana kuwa ni kinyago; aliyekufa ni mtu mwingine, na haya yalikuwa mazoezi. Tukio la *Goldfinger* mwaka 1964 likaenda mbali zaidi, kwani halina uhusiano wowote na kisa kinachofuata. Kufikia 1977, katika *The Spy Who Loved Me*, mchezaji Rick Sylvester aliruka kweli kwa viatu vya theluji kutoka mlima Asgard katika kisiwa cha Baffin, akaanguka kimya kwa muda ambao ukumbini huonekana mrefu mno, ndipo mwavuli wenye bendera ya Uingereza ukafunguka.

Ule mtutu si hadithi, wala hauna maana yoyote katika kisa. Ni fomula ya kutanguliza kwa kila hali: haibadiliki, hutangulia, na hudai mwitiko. Ushahidi ni kilichotokea ilipohamishwa. *Casino Royale* ya 2006 iliuweka mwishoni mwa tukio la kwanza. *Quantum of Solace* ya 2008 na *Skyfall* ya 2012 ziliupeleka mwishoni mwa filamu. Mashabiki walilalamika kama watoto ambao bibi ameanza ngano bila kusema "Paukwa", na mwaka 2015, katika *Spectre*, ukarudishwa mahali pake. Kwa hiyo hata mwanzo unaosifiwa kwa kutobisha hodi, mlangoni mwake pana mtu wa kupokea.

Filamu iliyofikisha mbinu hii kwenye ukomavu ni *Raiders of the Lost Ark* ya Steven Spielberg, mwaka 1981. Mlima ulio katika nembo ya kampuni ya Paramount unayeyuka na kuwa mlima halisi. Mtu mwenye kofia anautazama, nasi tunauona mgongo wake tu. Maandishi yanasema tuko Amerika ya Kusini, 1936, na majina ya watendaji yanapita huku msafara ukitembea msituni, kwa hiyo mkataba na hadithi vinakwenda pamoja bila kugombana. Mmoja wa wafuasi anatoa bastola nyuma yake, mjeledi unalia, ndipo uso unatoka kivulini. Ametambulishwa kwa tendo kabla ya jina.

Yanayofuata yanajulikana: pango, miale ya mwanga isiyopaswa kuguswa, maiti ya mshindani aliyetangulia, kinyago cha dhahabu kilichobadilishwa kwa mfuko wa mchanga, na lile jiwe kubwa linaloviringika. Lisilosemwa sana ni kwamba shujaa anashindwa. Anatoka hai lakini mikono mitupu, kwa maana Belloq, mpinzani wake, anamngojea nje na kumpokonya. Anakimbilia ndege ndogo, na humo anakuta nyoka, akapiga kelele za hofu zisizolingana na ushujaa wote tuliouona. Halafu tunahamia darasani, amevaa miwani, anafundisha akiolojia.

Kwa takribani dakika 12 hizo hapana hata kitenzi kimoja cha *-li-*, kama tungeisimulia kwa Kiswahili. Hata hivyo nanga imo, imetawanywa katika vitu: kovu, mavazi yaliyochakaa, ujuzi wa mitego, jinsi Belloq anavyosema naye kama mtu aliyemzoea. Mtazamaji anaijenga *-li-* mwenyewe. Na madeni yote yanalipwa: Belloq atapokonya tena, nyoka watarudi kwa maelfu, na shujaa atashindwa kwa namna ile ile mpaka karibu na mwisho. Hapo ndipo tofauti kati ya mwanzo mzuri na kishindo kitupu. *Goldfinger* hutia msisimko kisha husahau ilichokionyesha. *Raiders* haisahau hata nyoka mmoja.

Si Hollywood peke yake. *Seven Samurai* ya Akira Kurosawa, mwaka 1954, huanza na majambazi juu ya kilima wakiahirisha uvamizi hadi mavuno ya shayiri, na kwa maneno hayo machache saa imeshategwa. *Enter the Dragon* ya 1973 huanza na Bruce Lee akipigana na Sammo Hung kabla hatujajua ni nani wala kwa nini. *Sholay*, mwaka 1975, hubisha hodi kwa adabu ya zamani: treni inaingia stesheni, mgeni anashuka, anapokelewa, na majina yanapita wakati yeye na mwenyeji wake wakisafiri kwa farasi kuelekea Ramgarh, kijiji baada ya ardhi, ardhi baada ya mawe. Mapigano yanakuja baadaye kwa mbinu rejeshi, ndani ya masimulizi ya mtu anayekumbuka. Katika Afrika ya Mashariki filamu za Kihindi, za karate na za Bond zilipendwa kwa pamoja, na haielekei kwamba mtazamaji aliona haja ya kuchagua baina ya mianzo hiyo miwili.

Dai la Sellers, basi, lina nguvu gani? Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu 1921. Watu wa miji ya pwani walikuwa wamelea kizazi kizima cha watazamaji kabla ya jaribio la Vugiri kuanza. Tena watu hao walitoka katika fasihi isiyo na mwanzo wa aina moja. Utenzi wa kale huchelewesha kisa kwa hiari: husifu Mwenyezi Mungu, huomba karatasi na wino, hueleza sababu ya kutunga, na beti kadhaa hupita kabla shujaa hajatokea. Lakini wimbo wa ngoma huanza na fumbo ambalo waliopo tu ndio wanajua limetoka katika ugomvi gani. Kitendawili ni tukio bila mtendaji. Mtu aliyezoea kufumbua vitu kama hivyo hahitaji kuonyeshwa mahali kwa dakika tatu ndipo aelewe kwamba mtu anakimbizwa. Kuhusu kuku, mkulima aliyeonyeshwa mchezo wa polepole usio na kisa akaangalia mnyama aliyepita, huenda alikuwa akitafuta hadithi mahali pasipokuwa nayo.

Jibu kamili zaidi lilikuja na vibanda vya video. Tanzania palitokea wasimulizi wa Kiswahili, akiwamo Lufufu wa Dar es Salaam, waliorekodi sauti zao juu ya filamu za Kimarekani, za Kihindi na za Hong Kong. Kenya akajulikana DJ Afro. Uganda wapo wenzao wanaoitwa VJ, wanaotumia zaidi Kiganda. Sanaa hii mara nyingi huelezwa kuwa ni tafsiri, na kwa kipimo cha tafsiri ni mbaya sana. Msimulizi huacha mazungumzo mengi, huongeza mengine, humpa adui jina la utani, huzungumzia bei ya sukari. Lakini ukisikiliza mianzo utaona anachofanya. Wakati filamu iko kimya na inaficha, yeye hujaza. Nembo ya kampuni haijaondoka kiwamboni naye ameshasalimia hadhira. Mtu amegeuza mgongo msituni, uso haujaonekana, naye ameshasema kwamba huyu ndiye steringi; na kila mtu kibandani anajua kwamba steringi hafi.

Kwa maneno mengine, anairudisha *-li-* ambayo mtengenezaji aliificha kwa gharama kubwa. Inaweza kuonekana kana kwamba Sellers ameshinda, kwamba mtazamaji wa huku amekiri anahitaji kuelezwa kwanza. Lakini msimulizi haipunguzi kasi picha, wala hatengenezi filamu nyingine ya wasioelewa. Wengi wa waliokaa mbele yake wameshaiona filamu hiyo, baadhi yao mara nyingi. Wanajua jiwe litaviringika. Wamekuja kumsikiliza fanani. Kilichokuwa kimeondolewa katika sinema ni yule mtu wa kuitikiwa, na kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwamo katika filamu hizo kama milio ya msituni. Sasa ndicho kinachoshika usimulizi, nacho kinasema tangu sekunde ya kwanza, juu ya muziki, juu ya Kiingereza, juu ya nembo yenyewe: palikuwa na jamaa mmoja, bwana, kofia hii usiione hivi, akaingia pangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia.